Wajina wa Papa Nday

Sisi wa Matonge, mtaa wa Ixelles, Brussels, tulimjua Kalenga kama mtu anayekimbia bila kufukuzwa. Kabla ya kuandika tukio la kufukuzana, alilifanya kwanza kwa miguu yake mwenyewe. Aliingia mbio Galerie d'Ixelles, akapita kati ya saluni, akatokea upande wa pili, kisha akarudi akihema kuwauliza wasusi maswali.

"Cécile, kama banakufukuza hapa, utatokea wapi?"

"Inategemea, mon cher. Ni polisi ao ni bibi ya muntu?"

Wateja walicheka mpaka mikono ya wasusi ikasimama.

Hivyo ndivyo alivyofanya kazi. Aliandika filamu za mapigano kwa ajili ya Hollywood, kwenye meza ya jikoni, Ixelles. Mwalimu wake wa chuo cha filamu alikuwa amempa mtayarishaji mmoja Mmarekani kurasa zake chache zisomwe, na yule mtu akampa kazi ya kunoa mapigano katika filamu za wengine. Kwa miaka mingi Kalenga alipindua magari na kulipua madaraja, na jina lake halikuonekana popote. Hakulalamika. Alikuwa akingoja hadithi yake mwenyewe.

Hadithi hiyo ilianzia Gare du Midi, mwaka 2001, aliposhuka kwenye treni ya uwanja wa ndege, akitoka Lubumbashi na kumkuta Papa Nday amesimama na koti la ziada mkononi. Papa Nday ni mdogo wa baba yake. Zamani alikuwa fundi wa injini za treni kule Katanga; Brussels alilinda maegesho ya magari. Alimlaza Kalenga sebuleni, akamsomesha, akamwita mwanangu. Wa kumzaa mwenyewe hakuwa naye. Yeye na mkewe, maman Euphrasie, waliombea jambo hilo mpaka wakaacha kulitaja.

Kwetu Katanga mtu hapewi jina hivi hivi. Mtoto akiitwa kwa jina lako, yeye ni wewe: unamsalimu kwa heshima, unamtania kama rika lako, na siku ukiondoka duniani, bado unaitwa uje kula. Papa Nday hakuwa na wajina hata mmoja. Binti wa Kalenga alipozaliwa, mkewe alimwita Shekinah, kwa sababu ya nadhiri aliyoiweka kanisani. Papa Nday alisema ni jina zuri. Kwenye sherehe hakuja. Alisema goti linamuuma.

Kalenga alielewa maana ya hilo goti. Mwaka uleule akaanza kuandika filamu yake: fundi mzee wa treni, anayeitwa Nday, anaokoa abiria ambao breki zao zimekatwa na majambazi.

"Papa, nimekupatia ndoyi," alimwambia, kwa neno ambalo Wakongo wote wa Brussels wanalitumia kwa wajina. "Dunia yote itamuona."

"Na mwisho, anakufa?"

"Jamais, papa, hawezi kufa. Njo yeye anabakia."

Mzee alivuta kiti. Kisha akaanza kumsahihisha kuhusu breki, na hakukoma kwa miezi mitatu.

Kampuni moja ya Los Angeles iliinunua hadithi mwaka 2011. Baada ya hapo waliwaingiza waandishi wengine, kama ilivyo desturi yao. Walimfanya shujaa kuwa kijana. Wakaihamisha treni mpaka kwenye theluji. Kila walipompigia simu, Kalenga alikubali, maana ndivyo ugali wake ulivyopatikana. Aliomba jambo moja tu: badilisheni yote, lakini jina Nday libaki. Mwanamke aliyekuwa kwenye simu alimwahidi. Lilikuwa jina zuri, alisema, halisahauliki.

Kalenga alituletea habari hiyo kama mtu aliyeshinda kesi. Tulishangilia. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza jina litabaki kwa nani.

Filamu ilifika Brussels mwaka 2013, nasi tukaenda Jumapili baada ya misa, safu mbili nzima. Papa Nday alivaa suti na tai. Maman Euphrasie alificha mikate ya mafuta kwenye mkoba. Kalenga, ambaye hakuwa ameonyeshwa filamu kabla, alikaa kando ya mzee wake. Mimi nilikuwa nyuma yao.

Sauti ya kwanza iliyosema "Nday!" ilitufanya tupige makofi. Kisha kamera ikageuka kumwonyesha aliyeitwa: mtu mwenye bastola, aliyekuwa amemuua dereva wa treni mbele ya mtoto wake.

Makofi yalikatika. Nilidhani ni makosa, kwamba jina litahamia kwa mwingine. Halikuhama. Kwa saa nzima niliitazama shingo ya Kalenga, nayo haikusogea. Mwishoni kijana shujaa alimsukuma yule mtu kwenye moto, akasema, "Crève, Nday!" Kufa, Nday. Vijana wa safu za mbele wakasimama wakipiga kelele za furaha, wakarudia jina hilo kwa kicheko.

Papa Nday alikuwa amekwisha inuka. Tulimkuta nje, kwenye ngazi, tai mkononi.

"Papa, balibadilisha. Mie sikujua, naapa..."

"Weye njo ulibaambia jina ibakie?"

"Ndiyo, papa."

"Bon." Alitazama magari yakipita. "Umenizika muzuri. Bantu mingi balikuya."

Hakumkasirikia. Laiti angemkasirikia. Mzee aliendelea kula kwa Kalenga siku za sikukuu, akimuuliza habari za kazi.

Miaka miwili baadaye mke wa Kalenga alijifungua mtoto wa kiume. Safari hii mama hakuwa na nadhiri yoyote. Yeye mwenyewe alisema, mpeleke kwa papa. Kalenga alimbeba mpaka sebule ile ile aliyolala zamani. Mimi nilikuwa pale na maman Euphrasie, tukikata mboga.

"Papa, huyu njo Nday."

Mzee alimpokea mtoto. Alimtazama muda mrefu, kidole chake kimeshikwa na kile kiganja kidogo. Maman Euphrasie aliweka kisu chini.

"Apana," alisema mzee.

"Papa, ilikuwa sinema tu."

"Kwetu, jina ya muntu mwenye alikufa mubaya habapatiake mutoto. Miye nilikuwa pale. Niliona."

Kalenga alisogea karibu na kiti chake.

"Ataitwa Hervé," alisema Papa Nday. Akamfunika mtoto miguu, akamrudisha kwa baba yake.