Mfuko Mkavu

Mtaani walimwita Upepo, maana kazi yake ilikuwa kuziba pancha na kujaza magurudumu, na gurudumu la lori alilipima kwa teke moja tu. Ndiyo maana mkewe alipozidiwa na nimonia akawekwa kwenye mashine ya kupumulia, Upepo hakuiogopa. Alisimama kando ya kitanda akitazama kifua kikipanda na kushuka, roho ikatulia.

"Hewa inaingia vizuri, mama," alimwambia mama mkwe wake.

Nesi alipopita, shukrani zikamtoka Upepo. "Hongereni kwa usafi, dada. Mfuko ule wa chini kila nikija nakuta mmeshaumwaga."

Mfuko wa nini, hakutaja. Angetajaje, na mkwewe yupo?

Nesi akasita. "Hatujaumwaga, baba. Tangu jana hakuna cha kumwaga. Daktari alikuwa anakutafuta."

Upepo akamfuata daktari ofisini. Daktari alimkalisha, akamweleza polepole. Mapafu yalikuwa yamekakamaa, mashine ikabidi isukume hewa kwa nguvu. Kifua kikibanwa hivyo, damu inarudi kwenye moyo kwa taabu, figo nazo zinapata damu haba, mkojo unakatika. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshazichosha.

"Yaani hiyo hiyo inayompa pumzi ndiyo inamuulia figo?"

"Bila hiyo tungeshampoteza, mzee. Tutapunguza nguvu kidogo kidogo, mapafu yakikubali. Figo zisipoamka, itabidi mashine ya kusafisha damu."

Upepo akarudi kando ya kitanda. Muda wote huo anashangilia kifua, kumbe mfuko mkavu ndio uliokuwa unapiga kelele, na yeye akausifia! Alijiona mjinga wa kutupwa.

Madaktari wakapunguza nguvu ya mashine. Upepo hakutazama kifua tena. Alichuchumaa sakafuni, macho kwenye mrija unaoshukia ule mfuko, wageni wa vitanda vingine wakimruka. Kesho yake alasiri bado alikuwa pale pale, shingo imekakamaa, mkwewe kwenye kiti juu yake, alipoona kitu cha rangi ya chai ya rangi kikitambaa ndani ya mrija, kikasimama, kikadondoka.

"Amekojoa!" alipiga ukelele, wodi nzima ikageuka. "Mama, amekojoa!"

Kisha akakumbuka anaongea na nani, akaziba mdomo.

Mama mkwe alikuwa ameshashuka kwenye kiti, amepiga magoti kando yake.

"Mwingi?" akauliza.

"Tone moja, mama."

"Sogea," akasema, "nami nione."