Baragumu la Beatha

Pale kijijini Mhezi, Beatha hajawahi kusema jambo nusunusu. Ndiye anayepuliza baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, na likilia hata wavivu hukumbuka walikotupa majembe yao. Sheria ni moja: apulizaye ndiye atangulizaye kazini mtu wa nyumba yake.

Basi siku ya kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, redio ikatangaza kwamba nchi imeombwa wanajeshi wa kwenda kuzima vita ng'ambo ya ziwa. Clemence, jirani yake anayependa hoja kuliko jembe, akaweka koleo chini.

"Sisi hatufungamani na upande wowote. Pilipili usiyoila yakuwashia nini?"

"Mwenzako akinyolewa, zako tia maji!" Beatha akafoka. "Vita hivyo vikivuka ziwa, utaviambia hufungamani? Twende tukavizime!"

"Twende, wewe na nani? Umeshapuliza baragumu, Mama Eliamini. Haya, tanguliza mtu."

Watu wakacheka, kisha wakainamia makoleo yao. Wote walijua kwamba Eliamini, mwanawe wa pekee, ni askari wa jeshi. Beatha mwenyewe ndipo alipokumbuka. Ulimi umeniponza, akawaza.

Jioni Eliamini akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Wanatafuta wa kujitolea kwenda kule vitani. Bila baraka yako sitoi jina."

"Hapana" ilikuwa tayari mdomoni. Aliogopa, tena sana. Lakini Beatha huyu awaambie watu watoe wana wao, halafu wa kwake amfungie ndani? Aibu hiyo asingeiweza.

"Nenda, mwanangu. Usiende kumpiga mtu kwa niaba ya mtu. Kawaamue wanaopigana, urudi."

Alipokata simu alilia mpaka kanga ikalowa, wala hakujificha.

Eliamini aliondoka wakati palizi ya tangawizi imewadia. Asubuhi moja Beatha alipofika shambani kwake akamkuta Clemence, ameinama na jembe, mkewe Honorata kando yake.

"Msimamo wangu ni uleule," Clemence akasema bila kuinua kichwa. "Nchi imekosea kwenda. Ila nyumba iliyotoa mtu hailimi peke yake."

Beatha akafunga kanga kiunoni, akaingia mstari wa pili.

"Basi palilia taratibu," akamwambia. "Unanikatia tangawizi."