Ubavu Uliobonyea

Mchana kutwa fundi wa bodi hunyoosha magari ya watu. Jioni, uani kwake, hulibonyeza la kwake. Analiunda kwa mabati, lifanane na gari la zamani lililopigwa picha likimaliza mbio za saa ishirini na nne: matope hadi kwenye kioo, ubavu umebonyea kama sufuria iliyokanyagwa. Matope huyarusha kwa mswaki, tone kwa tone, ulimi nje. Bonde la ubavuni limemla miezi minne. Likizidi kidogo, hulirudisha kwa kidole gumba huku akiliomba radhi. “Mimi hujanitazama hivyo hata siku ya harusi,” mkewe humwambia.

Jumamosi alirudi akalikuta linang'aa. Mama mkwe, mgeni wa siku mbili, alikuwa akikamua kitambaa.

“Nimekuoshea, baba. Lilikuwa aibu.”

Fundi akaitikia: “Ahsante, mama. Pole kwa kazi.”

“Na hapa pamebonyea, na fundi ni wewe! Unangoja majirani watucheke?”

Mama mkwe habishiwi. Fundi akachukua nyundo. Kwa mapigo saba bonde likaisha. Mama akapitisha kiganja, asione hata alama.

“Haya,” akasema, “kumbe ufundi unaujua.”