Aliokoka 1950, Akahamisha Jiwe la Mpaka 1969

Saa moja asubuhi, Kiplombe, nje ya mji wa Eldoret, baridi ingali inauma. Githinji Mathu amepiga magoti kwenye nyasi, anang'oa kwa mtaimbo jiwe la mpaka alilolipanda kwa mikono yake mwenyewe miaka miwili iliyopita. Zege limeshika sana. Watu kama arobaini wamesimama wakimtazama, wengi wao waumini wenzake.

Hakuna anayemsaidia. Amekataa.

"Nililiweka peke yangu," anasema bila kuinua uso. "Wacha nilitoe peke yangu."

Githinji, mwenye umri wa miaka 51, ni mshika mnyororo. Ndiye anayevuta mnyororo wa kupimia shamba huku mpima ardhi akiandika, na ndiye anayemwaga zege pale mpima alipochomeka kigingi. Kazi hiyo aliianzia Nyeri, akaja nayo Eldoret mwaka 1965, watu walipokuwa wakichanga pesa kununua mashamba ya Wazungu waliokuwa wakiondoka. Mshahara wake ni shilingi 190 kwa mwezi.

Lakini katika kanisa la mabati la hapa Kiplombe, watu wanamjua zaidi kwa tarehe.

"Niliokoka Jumapili, tarehe 13 Agosti 1950, saa tano asubuhi." Ndivyo alivyoanza kila ushuhuda wake. Darasa la ubatizo alilifundisha kwamba wokovu ni kama kuvuka mto: ukishavuka, umevuka. Aliyesema kwamba mtu huendelea kuokolewa siku baada ya siku, Githinji alimwambia bado yuko majini.

Kisha ikaja Jumapili ya mwisho ya Februari.

Warigia, mjane mwenye watoto wanne ambaye shamba lake limepakana na la Githinji, alisimama kutoa shukrani. Alisema alipopata ekari zake saba alilia, kwa sababu hazikuwa na maji. "Nikamwomba Mungu maji, akanipa jirani," aliliambia kanisa. "Miaka miwili nateka kwa chemchemi ya ndugu Githinji, na hajawahi kuninyima hata siku moja. Mungu ambariki."

Kanisa likaitikia Amina. Githinji akasimama. Mara hii hakutaja tarehe.

"Hiyo chemchemi ni yake," alisema. "Mimi ndiye nilihamisha kigingi."

Mchungaji Bethwel Adongo anasema kwamba kwa muda hakuna aliyeelewa. Ilibidi Githinji aeleze tena, polepole. Mwaka 1969, shamba walilonunua kwa mchango lilipogawanywa, mpima ardhi alichomeka vigingi na kurudi mjini, yeye akabaki kumwaga zege. Aliona chemchemi imeangukia upande wa mjane. Akang'oa kigingi, akakisogeza hatua kumi na mbili, akamwaga zege hapo. Hakuna aliyepima tena. Jumapili iliyofuata alifundisha darasa lake kama kawaida.

"Nimehubiri miaka kumi na tisa," anasema mchungaji. "Siku hiyo ibada haikufungwa. Tuliondoka bila baraka."

Mkewe Githinji, Wahu, naye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza, ameketi upande wa akina mama. "Nilikuwa nakunywa hiyo maji," anasema.

Kiplombe ikapasuka. Mzee wa kanisa, Ndungu, alisema mtu wa namna hiyo hakuwahi kuokoka, tarehe yake ni ya uongo, na aanze upya pamoja na wanaotaka kubatizwa. Wengine wakasema aliokoka kweli ila akaanguka. Wiki hiyo watu walionekana na kamba, wakipima mawe ya mipaka yao, Ndungu akiwa wa kwanza. Hakuna jiwe jingine lililopatikana limehama.

Githinji mwenyewe hajui afuate upande gani. "Tarehe ile si uongo. Mungu anajua nililia siku ile na nikaacha pombe," anasema. "Lakini niliifanya kama risiti. Nikiguswa rohoni juu ya hiyo kigingi, naitoa risiti najionyesha mwenyewe: wewe ulishavuka."

Na kwa nini alimruhusu mjane ateke maji?

"Nilifikiri Mungu ataona ni wema," anasema. "Kila akiniambia asante, nilikuwa naitika."

Kwa wiki tatu Warigia aliiacha chemchemi, akateka maji mtoni, mwendo wa nusu saa na debe kichwani. Kisha akatuma neno: jiwe lihamishwe mchana, watu wakiona, na mnyororo ukivutwa, ncha moja aishike yeye mwenyewe, Warigia.

"Kilichonishtua si hiyo ardhi," anasema. "Ni vile nimeinua jina lake kwa maombi kila asubuhi. Mambo ya kuokoka lini, waulize wazee. Mimi nimeona tu kwamba alisimama wakati hakuna mtu alikuwa anamshuku."

Saa tatu kasoro, jiwe linatoka. Mpima ardhi, aliyekuja na daftari lake la zamani, anaita vipimo. Warigia anashika ncha yake kwa mikono yote miwili, hatua kumi na mbili, na chemchemi inarudi kwake. Ikiwa Githinji atabaki kazini, kamati ya wanachama walionunua shamba bado haijaamua.

Mpango wake sasa ni kuchimba kisima kwenye shamba lake kabla ya mvua kubwa. Anakadiria futi arobaini, labda zaidi, na atazichimba mwenyewe.

Watu wanapoanza kutawanyika, anamwendea Warigia, kofia mkononi.

"Mama, mpaka nipate maji, Wahu anaweza kuteka hapa kwako?"

Warigia anamtazama.

"Bado," anasema, kisha anainama kujaza debe lake.

Githinji anavaa kofia, anaokota mtaimbo. Anasema Jumamosi atarudi kuuliza tena.