Bei ya Kifaransa cha Teodora

Teodora aliletwa kwangu na baba yake kama mtu anayeleta ng'ombe apimwe. Chuo Kikuu kilikuwa kimefungwa, wanafunzi wamerudishwa makwao, na Masele, mkulima wa pamba wa Sengerema ambaye tumekua naye kijiji kimoja, akavuka kivuko cha Busisi na binti nyuma yake, kikapu cha vitabu kichwani. Wakanikuta kwenye kibanda changu cha dagaa, soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza.

"Dada," akasema, "huyu anasoma Kifaransa, mwaka wa pili sasa. Nikimuuliza kina faida gani, ananijibu kwa hadithi za vitabuni. Kwetu kiwanda cha kuchambulia pamba, ginneri, wanatafuta karani. Wewe ni mtu wa soko, hudanganyiki. Kaa naye. Chuo kikifunguliwa nitakuja uniambie. Ukisema kina faida, arudi Dar. Ukisema hakina, anakwenda ginneri na habari imekwisha."

"Shikamoo, shangazi," binti akasema, akiyatazama magunia kama yatamuuma.

"Marahaba. Unajua kupepeta?"

Hakujua. Nikamuuliza basi huko chuoni wanafanya nini. Hapo akachangamka. Wanakaa kwenye chumba, wanavaa vitu masikioni, wanasikiliza kanda: hali ya hewa ya Paris. Halafu kuna riwaya. Akanisimulia moja, mwanamke anayemwacha mumewe kwa sababu mume hasemi naye mezani. Akaondoka, akajuta, akarudi mpaka mlangoni, hakugonga.

"Kwao hakuna wazee wa kusuluhisha?" nikamuuliza.

"Shangazi, hiyo siyo maana ya kitabu."

Siku ya kwanza tu nilikuwa nimechoka naye.

Sasa, wateja wangu wakubwa walikuwa Warundi wawili, Bwana Tarsisi na shemeji yake Melikiori. Biashara ilikuwa imefunguliwa miaka hiyo, kila mwenye lori alijiita mfanyabiashara. Kiswahili walikijua kupita kiasi, kwa hiyo mkalimani wa nini? Lakini walikuwa na tabia moja ya kunikera. Bei ikifika pagumu, walinigeuzia mgongo wakateta. Kirundi hawakuthubutu, maana wapagazi wa Mwaloni wengi ni Waha wa Kigoma, na Muha akisikia Kirundi ni kama amesikia cha kwao. Waliteta kwa Kifaransa. Siku zote bei yangu ilikuwa inajadiliwa mbele ya pua yangu, nami nimesimama kama mlingoti.

Nikamtazama Teodora kwa jicho jingine.

Nilimfunga khanga, nikamkalisha chini na ungo. "Wewe ni mtoto wa shamba, hata Kiswahili kinakupiga chenga. Wakisema dagaa ni wazuri, pepeta. Wakisema kweli wanaondoka, kohoa. Mengine yote, funga mdomo. Na ujue sheria ya hapa: bei ikishatajwa, anayesema kwanza ndiye anayeumia. Nyamaza mpaka mwenzako ashindwe."

"Huo si upelelezi, shangazi?"

"Na wao wakiteta mbele yangu wanafanya nini, wanasali?"

Warundi wakaja, nikawaambia huyu ni mtoto wa shamba, nimeletewa anisaidie. Tarsisi akaingiza mkono guniani, akasugua dagaa kiganjani, akasema wana mchanga, kama kawaida yake. Nikataja bei. Wakageuka. Tarsisi akasema maneno marefu. Nikamwangalia Teodora: hakupepeta, hakukohoa. Ungo umesimama hewani na mdomo uko wazi. Nikaingiwa hofu kwamba wanaondoka, nikashusha bei. Walipokwisha kupakia nikamvaa.

"Walisemaje?"

"Shangazi! Bwana Tarsisi alikuwa mwalimu! Anasema Kifaransa kile cha kwenye vitabu vya zamani, hata mhadhiri wetu hasemi vile!"

"Nakuuliza habari za dagaa."

"Ah. Alisema ni wazuri kuliko wote sokoni."

Nilikaa chini juu ya gunia.

Safari ya pili alijitahidi. Alipepeta mpaka vumbi likamwingia puani, nami nikasimama kwenye bei yangu kama lile Jiwe la Bismarck la ziwani. Walilipa huku wamenuna. Ningeliomba siku iishie pale. Lakini wakati wapagazi wanashona magunia, Tarsisi akalitazama ziwa akaanza kukariri shairi, la kukaririshwa shuleni kwao utotoni. Akaenda nalo vizuri, halafu akakwama. Akarudia, akakwama palepale.

Sauti ikatoka nyuma ya ungo ikalimalizia.

Hata sindano za wapagazi zilisimama.

"Mama Nestory!" Melikiori akanifokea. "Mtoto wa shamba! Kumbe umetutegea masikio!"

"Huyo? Labda alisikia redioni," nikasema, maana lazima useme kitu.

Tarsisi hakufoka. Alimuuliza Teodora jambo kwa Kifaransa, akajibiwa, akauliza jingine, wakaendelea hivyo mpaka dereva akapiga honi. Kuanzia siku ile Melikiori alihamia kibanda cha jirani, kwa Getruda. Sikio langu nililolifundisha kwa tabu lilikuwa limekufa kwa shairi moja.

Tarsisi yeye alirudi, peke yake. Alikaa juu ya gunia asubuhi akabaki hapo. Siku moja nikasikia wanapandishiana sauti, nikakimbia kutoka nyuma nikidhani wamegombania uzito.

"Kuna nini?"

"Anasema yule mwanamke wa kwenye riwaya alikosea kuondoka!" Teodora akanijibu, macho yamemtoka. "Mume mwenyewe hakuwahi hata kumuuliza hali yake!"

"Na wewe uache kupepeta kwa ajili ya mke wa mtu!"

Kazi yote nilifanya mimi. Hata hivyo sikuwafukuza, na sababu ni hii: Mwaloni mteja akishakaa kwako, haitwi na mwingine. Alikaa kwangu kutwa, na honi ilipolia hakuwa na muda wa kusugua dagaa kiganjani. Alisema tu, "Mama, pakia." Nikapakia wazuri, nikapakia na wale waliokaushiwa mchangani ambao walikuwa wamenidodea. Siku chache stoo ikabaki sakafu na paka.

Redio ikatangaza chuo kinafunguliwa. Masele akaja na vumbi la Sengerema miguuni, akakaa kwenye kigoda.

"Haya, dada. Kina faida, hakina?"

Nilikuwa nimekwisha kupanga maneno. "Kina faida, lakini faida yake iko hapa, siyo Dar. Mwache kwangu. Nitamlipa kuliko ginneri."

Masele akamgeukia binti. Teodora alikuwa amekaa chini, anapepeta ungo usio na hata dagaa mmoja. Hakusema kitu. Nami nikangoja. Niliujua mchezo ule, si mimi niliyemfundisha? Lakini midomo ilimtetemeka na bado hakuifungua, na Masele naye akawa anaitazama stoo tupu.

"Nitamwongeza," nikasema.

Kimya.

"Na Jumapili apumzike."

Ungo unakwenda, shwa, shwa.

"Basi na vitabu vyake avisomee hapahapa! Mnataka nini tena?"

Masele akacheka mpaka akashika kiuno. "Dada, tangu nikujue hujawahi kukipandishia bei kitu kisicho na thamani. Teodora, funga vitabu."

Binti alipanda treni ya Dar wiki ileile. Alimaliza chuo, sasa anafundisha Kifaransa sekondari, na dagaa mpaka leo hajui kuwapepeta. Masele alikosa karani wake, ila ginneri yenyewe haikudumu, kwa hiyo anadai alipata faida.

Tarsisi alikuja na kitabu amekifunga kwenye gazeti. Nilipomwambia binti ameondoka, alikaa juu ya gunia kidogo tu. Kisha akaingiza mkono guniani, akasugua dagaa kiganjani, akanitazama. Jioni nililiona lori lake kwa Getruda.

Kitabu aliniachia nimtumie Teodora. Na nauli ya kifurushi nililipa mimi.