Kelele ya Redio Katika Gari la Baba

Kelele ile ilianza pale tu injini ilipowaka. Kwanza ulisikia mkwaruzo, kama mtu anayekuna nazi chumba cha pili, kisha juu yake kikapanda kilio chembamba kama cha mbu aliyenaswa ndani ya chandarua, na chini ya vyote viwili, mbali kabisa, mtu akisoma habari au akiimba. Baba alipokanyaga mafuta, mkwaruzo ulikimbia na kilio kikapaa. Alipoachia, vyote vikateremka, lakini havikunyamaza. Ndivyo tulivyoijua redio ya gari letu kule Msambweni, miezi ya kaskazi iliyofuata kubadilishwa kwa bendera. Gari lenyewe baba alilinunua kwa Mzungu wa mashamba ya mkonge aliyekuwa akirejea kwao, akaligeuza teksi, akawa anachukua abiria kutoka kwetu kupita Gazi na Ukunda hadi kivukoni Likoni, na kurudi. Abiria walikuwa na hamu ya habari siku zile, kila mtu akitaka kujua serikali mpya imesema nini, lakini hawakufika mbali kabla ya mmoja wao kusema kwa adabu, "Bwana, tupumzishe masikio." Jioni baba alirudi nyusi zikiwa nyekundu kwa vumbi, akaketi barazani na viatu miguuni, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuvivua.

Ndani, mama alikuwa amechoka kumshinda. Bibi, mzaa mama, alikuwa amepatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, akaletwa kwetu auguzwe. Mama alimwosha, akamfulia, akampikia uji ambao bibi aliukataa, akapika mwingine. Watu husema mgonjwa haulizwi uji, lakini bibi yetu aliulizwa kila asubuhi, na kila asubuhi alijibu kwamba hana haja. Mimi nilikuwa binti wa shule ya msingi, na kazi yangu ilikuwa kuteka maji na kutafuta kuni. Sikumbuki kwamba wazazi wangu waligombana miezi ile. Nakumbuka tu kwamba hawakuzungumza. Baba aliuliza, "Ameshindaje?" Mama akajibu, "Vivyo hivyo," na maneno ya nyumba nzima yakaishia hapo hadi kesho yake.

Bibi alikuwa na binti mwingine, Mwanaisha, mdogo wake mama. Tangu utotoni alikuwa na sauti ya kuwafanya watu waache wanachokifanya, na alipoimba katika harusi za wanawake hakuna aliyeudhika. Kisha akajiunga na kikundi cha taarabu huko Mombasa, akawa anaimba mbele ya wanaume. Bibi akamwambia, "Ukivuka kivuko kwa ajili ya jambo hilo, usivuke tena kurudi." Ulimi hauna mfupa. Mama mdogo akavuka, na kwa kuwa ukaidi alikuwa ameurithi kwa huyo huyo mama yake, hakurudi. Alituma salamu na leso kupitia kwa watu; bibi alizipokea kimya, akazifungia sandukuni bila kuzivaa. Kiharusi kilipokuja, mama alimpelekea habari, na jibu likaja kwamba Mwanaisha yuko tayari kuja hata leo, ila anaogopa kufukuzwa mlangoni mbele ya majirani. Mama yake amwite mwenyewe, naye atakuja. Mama alipoueleza ujumbe huo, bibi aligeuza uso ukutani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini si kila mzazi hukubali kuusema.

Jioni moja baba alirudi na habari aliyopewa na abiria: kikundi cha Mwanaisha kingeimba redioni Ijumaa ya juma lililofuata, baada ya alasiri. Aliisema akiwa amesimama karibu na mlango wa bibi, na mpaka leo sijui kama alikusudia asikiwe. Sauti ya bibi ikatoka chumbani, maneno yakiburuta upande mmoja. "Nataka kumsikia." Mama aliyekuwa akichuja tui aliuacha mkono ndani ya kifumbu, akamtazama baba. Redio nyingine tuliyoijua ilikuwa ya mkahawani, kwenye kaumu ya wanaume, na bibi asingepelekwa huko hata akiwa mzima. Ilibaki ya gari. Lakini betri ya gari ilikuwa kuukuu. Ukisikiliza redio injini ikiwa imezimwa, wimbo haukuisha kabla sauti haijafifia, na baada yake ilibidi kulisukuma gari. Basi lazima injini ingurume, na ikinguruma ilimeza kila neno.

Kesho yake baba hakwenda kivukoni. Alifungua boneti chini ya mkorosho, akanikalisha kiti cha mbele karibu na redio, akaniambia nimweleze kelele inavyobadilika, maana yeye akiwa pale kwenye injini hakuweza kuisikia redio. Nilishindwa. Kwangu kelele ilikuwa kelele tu. Mama alitoka kuanika nguo, akatusikiliza kwa muda, akaja akanigusa bega nishuke. Aliketi mahali pangu, mikono ikiwa bado na povu la sabuni. "Ziko mbili," akamwambia baba. "Kuna inayokwaruza na kuna inayolia." Baba alisimama akamtazama kama mtu aliyeletewa maji. Aliingia upande wa pili, akauchomoa nyuma ya redio ule waya unaotoka kwenye antena. Mkwaruzo ukakatika. Kilio kikabaki vile vile. Hapo akajua kwamba alikuwa akipigana na maadui wawili waliopitia milango tofauti: mkwaruzo ulitoka kwenye cheche za plagi za injini, ukaruka hewani na kuingia kwa antena, kilio kilitoka kwenye dainamo inayozalisha umeme wa gari, kikasafiri ndani ya waya unaoipa redio umeme.

Alianza na antena. Alipoifungua kwenye bodi ya gari, shina lake lilikuwa limeliwa na kutu, kwani upepo wa kwetu una chumvi na chumvi haina huruma kwa chuma. Baba alinieleza kwamba antena lazima ishikane na bodi chuma kwa chuma, la sivyo waya wake, badala ya kukinga kelele, huikaribisha. Alisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaifunga upya. Mama akasema, "Imepungua, haijaisha." Boneti nayo ilikuwa imekaa juu ya rangi na kutu bila kugusana sawasawa na bodi, basi akaunganisha viwili hivyo kwa utepe wa nyaya za shaba zilizosukwa, alioutoa kwenye lori bovu lililoachwa Ukunda. Mama akainamisha kichwa. "Sasa kama anakuna nazi nyumba ya jirani." Kwa mara ya kwanza tangu bibi aletwe, nikamwona baba akicheka.

Kilio kiliwasumbua zaidi. Dawa yake ilikuwa kopo dogo la chuma liitwalo kondensa, linalofungwa kwenye dainamo ili linyonye ule mtikisiko wa umeme kabla haujafika redioni. La kwanza, alilolitoa kwenye lori lile lile, lilikuwa limekufa. Mama alisikiliza akasema hakuna kilichobadilika. Baba alikwenda Mombasa kulitafuta jingine, akarudi siku ya pili amenyong'onyea, akalifunga huku jua likimchoma mgongo. Mama alimngoja kitini, macho yamefumba. Nilidhani amelala, na huenda alikuwa amelala kweli. Injini ikawaka. Akafumbua macho. "Amekufa yule mbu," akasema, kisha akaendelea kukaa pale pale, na baba akaja akaketi kando yake, wakaisikiliza hotuba ya kilimo mpaka ikaisha. Hawakusema mengi. Lakini walikuwa wameketi pamoja, jambo ambalo sikuwa nimeliona muda mrefu.

Ijumaa ile, baada ya baba kurudi kutoka msikitini na alasiri kuswaliwa, wazazi wangu walimbeba bibi kwenye kiti cha kamba, wakamwingiza garini, mama akamwegemeza kifuani. Nilisimama dirishani. Mtangazaji alitaja kikundi, vinanda vikatangulia, kisha mama mdogo akaingia. Ulikuwepo mchirizo mdogo nyuma ya sauti, baba hakuweza kuumaliza wote, lakini maneno yalisikika moja moja, na hata pumzi aliyoivuta kati ya ubeti na ubeti ilisikika. Bibi hakulia. Alisikiliza na jicho lake zima limekazia kioo cha mbele. Wimbo ulipokwisha alisema, "Amechoka mwanangu. Sikieni anavyovuta pumzi." Akaendelea, "Mwambieni aje apumzike." Hakusema amemsamehe, wala kwamba alikosea kumfukuza. Baba alimteremsha akishirikiana na mama, wakamlaza, kisha akarudi garini, akaelekea Likoni bila hata kunywa chai.

Mama mdogo alifika kesho yake akiwa na sanduku moja na mafua. Alipiga hodi kama mgeni, akasema, "Shikamoo, mama," akiwa bado nje ya kizingiti. Bibi alimjibu, "Marahaba. Mbona umekonda?" Basi, yakaisha hayo. Alikaa kwetu mpaka bibi alipofariki, baada ya mvua za masika, na muda wote huo walipokezana na mama kuuguza. Siku ya kwanza ya zamu ya mdogo wake, mama alijilaza mchana, akalala hadi magharibi. Nilimwendea mara nyingi kuhakikisha kwamba anapumua.

Sasa ni zamu yangu. Mama ni mzee kupita bibi alivyokuwa, hatoki tena kitandani, na ninamuuguza katika nyumba ile ile, ingawa barabara siku hizi ina lami na magari yapitayo hayachafui nyusi za mtu. Ndugu zangu wako Nairobi na ng'ambo. Hupiga simu kila juma, na sauti zao ni safi hata nasikia vijiko vikigonga vikombe mezani kwao. Nilipokuwa mtoto tulihangaika kwa siku nyingi ili sauti moja itufikie, na ilipotufikia, mtu aliifuata barabarani. Siku hizi sauti hutufikia bila taabu, ikaishia hapo. Jana kaka yangu alipiga, tukaongea kwa muda, akaniombea Mungu anipe nguvu. Nilipokata simu, mama aliniuliza nilikuwa nikiongea na nani. Nikamtajia.

"Anakuja lini?" akauliza.

Nikamvutia shuka, nikamwambia alale kwanza.