Kazi yangu ya laptop Garissa ilivyofika kisimani kwa mjomba

Wakuu, asalaam aleykum, na nyinyi wengine hamjambo.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu. Leo naandika kwa sababu kila nikiwasha redio naambiwa teknolojia ndiyo itafufua uchumi wa nchi hii. Mimi niko ndani ya hiyo teknolojia, na nina la kusema. Haya yamenitokea mwenyewe. Majina nimebadilisha, kisima ni kilekile.

Mimi ni kijana wa Garissa mjini. Nina digrii. Wenye digrii huku mnajua tunavyoishi: asubuhi unamsaidia shangazi kupakia mbuzi soko la mifugo, jioni uko kibandani na chai ya maziwa ya ngamia, unachambua siasa za nchi zisizokuhusu.

Basi kikafunguliwa kituo cha kidijitali. Mahema, viti vya plastiki, hotuba. Mheshimiwa mmoja akatuambia nchi imekwama lakini sisi vijana tutaikwamua, kwa kubofya tu. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kidogo. Mtu akiniahidi mazuri huku amevaa suti kwenye joto la Garissa, lazima nijiulize ana haraka ya nini.

Lakini kazi ni kazi. Niliomba, nikapata.

Kazi yenyewe ni hivi. Unapewa picha iliyopigwa kutoka angani. Unachora kisanduku kuzunguka kila nyumba, kila zizi, kila mahali penye maji. Mashine inajifunza kutoka kwako, ili kesho ijionee yenyewe. Laptop yao, feni yao, malipo yanaingia kwa simu. Kwa mara ya kwanza mama aliacha kuniuliza nina mpango gani na maisha.

Supavaiza wetu alikuwa Mueni, dada wa kutoka Machakos, mpole, anacheka haraka. Siku ya kwanza nilimuuliza hizi picha ni za nani.

"Mteja hataki kutajwa," akasema. "Hata mimi sijui, haki."

Nilimwamini nusu. Sisi tulitia sahihi kwamba hatutasema tunachokiona. Wao walichukua vitambulisho, sura zetu, mpaka jina la mama. Wao wanatujua wote, sisi hatumjui hata mmoja. Nikaanza kupiga ramli kichwani: wanatafuta mafuta, wanatafuta ardhi, ni wanajeshi wa nchi fulani. Wenzangu wakanibandika jina Mpelelezi. Nilizoea.

Sasa sikilizeni vizuri.

Siku moja baada ya chakula cha mchana ikafunguka picha ya laga, yaani mto wa msimu, mchanga mtupu unaokunja kona. Kando yake zizi la miiba lenye maduara mawili yaliyoshikana, kubwa la ngamia na dogo la ndama. Nililitambua papo hapo. Ile miiba niliikata mimi mwenyewe likizo fulani, mikono ikavimba wiki nzima.

Lilikuwa zizi la abti Kusow. Abti ni mjomba, kaka yake mama, na kwetu Wasomali yeye pia anamwita mpwa wake abti. Ukame ulipozidi, alitoka upande wa Balambala ambako watu walishajazana mtoni, akaenda mbali, akachimba kisima mchangani. Waliokijua ni familia tu.

Hapa lazima niwaeleze kitu ndiyo mnielewe.

Wafugaji wetu kabla hawajahama humtuma mtu atangulie kutafuta majani na maji. Huyo anaitwa sahan. Akirudi, habari anawapa watu wake peke yao. Akikutana na mgeni njiani akaulizwa kama huko kuna maji, atasema hakuna. Hakuna anayemwita mwongo, kwa sababu hata anayeuliza angejibu hivyohivyo. Mwenye shida kweli atafika kisimani mwenyewe, ataomba zamu, na atapewa. Ndivyo kisima kinavyodumu.

Kwa hiyo sikuchora kitu. Nikabofya "hakuna", nikapita.

Kesho yake Mueni akaniita. Picha imerudishwa, nina kosa. Nikamwambia niliona kivuli tu. Ndipo akanifafanulia jambo ambalo sikulijua: kila picha inapewa watu kadhaa, na mashine inafuata wengi.

"Wenzako wameona zizi na maji," akasema. "Wewe peke yako ndiyo huoni. Ukirudia nitalazimika kukuandikia onyo."

Hata kusema uongo sikuwa na uwezo. Kura zilikuwa zimenishinda.

Jioni nikampigia abti. Kupata netiweki anapanda kilima, kwa hiyo nilipiga mpaka akafika. Nikamwambia yote. Kisha akaniuliza kwa Kisomali, nawapa kwa Kiswahili:

"Abti, wewe ni sahan wa nani?"

Nikamjibu sijui. Akauliza goti la mama linaendeleaje, halafu akakata simu.

Wakuu, niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Na bado kesho yake nilienda kazini.

Miezi ikapita, mteja akajitokeza. Mahema tena, suti tena. Ni shirika tu, wametengeneza app ya malisho. Mfugaji anafungua simu, anaona nukta za buluu kila penye maji. Ya bure kabisa. Mifugo haitakufa ovyo, soko litachangamka, uchumi utasimama. Hakuna mafuta, hakuna wanajeshi. Mpelelezi nikachekwa na kila mtu, na nikacheka nao. Siku hiyo nilipiga makofi ya nguvu.

Nilipofika nyumbani nikaweka app, nikavuta ramani mpaka kwenye ile kona ya laga. Nukta ya buluu ilikuwa imekaa hapo, kimya.

Watu walianza kufika kwa abti wiki hiyohiyo. Hawakuwa wabaya. Walikuja na watoto, na mifugo ya kusikitisha. Angewafukuza vipi? Wakapanga zamu, zamu ikawa haiishi. Kisima cha mchangani kinahitaji kupumzika ili maji yajikusanye. Hiki hakikupumzika. Kikatoa tope, kikanyamaza.

Abti akahama na ngamia waliochoka. Njiani akampoteza jike mwenye mimba, yule aliyempenda kuliko wote.

Hilo ndilo nililodhani litaniuma zaidi. Kumbe bado.

Alipopita Garissa kumwona mama, alinihadithia. Njiani alikuwa akikutana na makundi yanayoelekea kisimani. Akawa anawasimamisha, anawaambia kimekauka, rudini, mtaua wanyama. Kila kundi lilimsikiliza kwa adabu. Kisha mzee mmoja akatabasamu, akatoa simu, akamwonyesha ile nukta ya buluu. Akamwambia, "Allah akubariki, hata mimi ningesema hivyo." Wakapita.

"Nilisema kweli," abti akaniambia, "na hakuna aliyenisikia."

Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

Nilimwendea Mueni. Aliwaandikia wakubwa wake mbele yangu, sina lawama naye. Jibu likaja kwamba ramani itasahihishwa zikinunuliwa picha mpya. Lini, hawakusema. Leo asubuhi nimeangalia, nukta bado ipo.

Nilichojifunza: mashaka nilikuwa nayo tele, ila niliyaelekeza pabaya. Nilimtafuta mwizi, na mwizi hakuwepo. Swali nililopaswa kuuliza tangu siku ya kwanza ni hili: kitu hiki kikikosea, nani atakifuta, na ataamka saa ngapi? Wanaosema kubofya kutafufua uchumi wanijibu hilo kwanza.

Ndiyo, bado nafanya kazi palepale. Nitukaneni. Na wenzangu mnaochora visanduku Nairobi, Kisumu na kwingineko, mmeshawahi kumjua mteja? Semeni hapa chini.

Na kama una ndugu anayefuata nukta kutoka Balambala kwenda huko, mwambie asiende. Hakuna maji.

Najua na wewe hutaniamini.